Alama ya Jumapili

Hapakuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, kuanzia aliyekaa benchi la mbele hadi aliyejificha nyuma kabisa, asiyeijua kanuni hii: alama haitangulii kazi. Mwalimu wao, Madamu Spéciose, aliwatamkisha maneno hayo kila Jumatatu kabla ya hesabu, nao waliyaitikia kwa sauti moja kama watu waitikiao sala.

Kanuni hiyo ilihusu Ukurasa wa Mwaka. Masomo yalipoanza tena baada ya Noeli, Madamu alimpa kila mtoto karatasi kubwa iliyopigwa mistari ya safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa ya Kusoma: vitabu ishirini kabla ya mwaka kwisha. Ya pili ilikuwa ya Afya: maji ya kunywa nyumbani yachemshwe kila siku ya Mungu. Ya tatu ilikuwa ya Urafiki: alasiri moja kila juma pamoja na rafiki, bila kutumwa na bila kugombana. Kila jambo lililotimizwa lilipata alama moja ya wino. Penseli ilikatazwa, kwa kuwa penseli husamehe upesi mno.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini waandike malengo ya mwaka mzima ilhali hakuna ajuaye ya kesho. Hakuna aliyemcheka. Usiku uliopita milio ya risasi ilikuwa imesikika kutoka vilimani, na viti viwili darasani vilikuwa vitupu.

"Ndiyo sababu," Madamu alijibu. "Vita vimetunyang'anya mengi. Visitunyang'anye na mwaka. Mtu ajuaye alichokifanya Jumanne, hakuna awezaye kumwibia Jumanne yake."

Consolate aliyashika maneno hayo moyoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi mtaa wa Nyakabiga na mama yake, Odette, katika ua wa nyumba nne. Mama Odette alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni kule mtaa wa viwanda. Alitoka alfajiri, akarudi jioni kwa haraka kabla ya saa ya marufuku ya kutoka nje. Kwa hiyo kuteka maji na kuyachemsha ilikuwa kazi ya Consolate kila alasiri, atokapo shuleni.

Ukurasa wake aliupigilia misumari nyuma ya mlango. Mama yake aliufurahia kuliko alivyotarajia. Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, Mama Odette aliitazama safu ya Afya. Akiona alama ya siku ile, hakusoma zaidi; alichota kikombe mtungini akanywa bila kuuliza. Maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa hufanana kama mapacha. Karatasi ile ndiyo iliyomwambia yapi ni yapi.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vyema. Lakini Consolate alipenda kusoma kuliko mambo yote, na safu ya Kusoma ndiyo iliyomtia joto. Alikuwa amefikia kitabu cha kumi na nne, wakati wenzake walikuwa wakisuasua na cha saba. Kuchemsha maji kulimchelewesha. Makaa yaliyoshuka kutoka milimani yalikuwa machache na mabichi. Jiko lilitoa moshi nusu saa kabla ya kuwaka, naye hakuweza kusoma huku machozi yakimtoka. Bomba nalo lilikauka mara kwa mara, ikampasa kushuka na bidoni yake, dumu la plastiki, hadi mto Ntahangwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi alisimama mbele ya ukurasa, kalamu mkononi. "Kazi nitaifanya tu," alijiambia. "Kwa nini nisimame hapa kila siku?" Akatia alama ya Jumatatu, na ya Jumanne, akaenda hivyo hivyo hadi Jumapili. Zilikuwa alama saba nzuri, zilizosimama kama askari kwenye gwaride.

Jumatatu alichemsha maji. Jumanne na Jumatano alichemsha pia, ingawa kwa kuchelewa. Alhamisi alirudi kutoka shuleni, akaimimina mtungini bidoni ya maji ya mto, akaketi kizingitini na kitabu chake. Alisoma mpaka aliposikia mtu akigonga kizingiti kwa mguu.

Alikuwa Orpha, rafiki yake wa nyumba ya pili katika ua ule ule, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alhamisi ndiyo siku yao.

"We, msomi! Utakuja kuolewa na kitabu," Orpha alimtania. "Weka chini, turuke kamba."

Waliruka kamba uani mpaka vumbi likawafika magotini. Orpha alihesabu kwa sauti, akadanganya hesabu, wakacheka, wakaanza upya. Baadaye Orpha aliingia ndani akihema.

"Mi nimekauka, ndugu yangu. Nipe maji." Alikwisha kushika kikombe. Kisha akasita. "Yamechemshwa?"

Consolate alikuwa akiikunja kamba. Bila kufikiri alielekeza kidole mlangoni. "Si ujisomee?"

Orpha alitazama ukurasa. Alhamisi: alama. Akachota, akanywa. Kikombe kilipofika nusu ndipo Consolate alipokumbuka bidoni, mto, na jiko lililokuwa baridi tangu asubuhi. Mdomo wake ulifunguka. Lakini angesema nini? Kwamba alama ile aliitia siku ya Jumatatu? Orpha alisoma darasa lile lile, kanuni aliijua. Consolate aliona aibu, na wakati yeye akitafuta maneno, Orpha alimaliza kikombe cha kwanza akachota cha pili.

"Matamu," alisema, akajifuta mdomo kwa kiganja.

Orpha alipoondoka, Consolate aliwasha jiko mbio mbio akachemsha maji yote yaliyosalia. Jioni mama yake alikunywa maji salama. Consolate alijifariji kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Ijumaa usiku Orpha alianza kutapika na kuhara, na kulipokucha macho yake yalikuwa yamezama. Mama yake alimtuma mtu kumwita Bwana Jovithe, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Alikuja na mkoba wake, akamnywesha Orpha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kisha akatoka nje, uso wake mkavu.

"Atapona, Mungu akipenda," alisema. "Lakini lazima nijue alikunywa wapi. Nisipoziba chanzo, kesho nitakuwa na wagonjwa kumi."

"Alhamisi alikunywa tangawizi ya Mama Huseni," jirani mmoja alisema.

Watu wote waligeukia langoni. Mama Huseni alikuwa mjane wa makamo aliyetoka mtaa wa Buyenzi kila asubuhi na ndoo yake ya maji ya tangawizi, akaketi langoni mwa ua wa kina Consolate mpaka ndoo imalizike. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwa na mtu wa kumtegemea.

"Mimi?" alisema, akisimama. "Tangawizi yangu huchemka mpaka kifuniko kinacheza, wallahi! Mmeinywa miaka minne. Nani amewahi kuumwa tumbo?"

"Huyo mtoto alikunywa na kwa Odette pia," mama yake Orpha alisema kwa sauti ya uchovu.

Mama Odette, ambaye Jumamosi ile alikuwa nyumbani, hakukasirika. Aliingia ndani, akang'oa ukurasa misumarini, akauleta kwa heshima kama mtu aletaye cheti cha ubatizo.

"Daktari, kwangu maji huchemshwa kila siku. Mwanangu huandika. Tazama mwenyewe, Alhamisi hii hapa."

Bwana Jovithe aliupitishia macho ukurasa. Alikuwa hakulala usiku ule, na macho yake yalitua Alhamisi yakaishia hapo. "Safi," alisema. "Laiti kila nyumba ingefanya hivi." Akamrudishia karatasi, akaenda moja kwa moja langoni, akaishika ndoo ya tangawizi akaimwaga yote kwenye mtaro. "Mama, samahani. Biashara hii ifungwe. Usiuze tena mtaani humu mpaka nitakapokuruhusu."

"Kumbe alikuwa anatunywesha uchafu!" mtu alisema nyuma. Mwingine akatema mate.

Mama Huseni aliitazama tangawizi yake ikitiririka. Hakupiga kelele. "Karatasi imesema," alinong'ona. "Nami sijui kusoma. Nitabishana nayo vipi?"

Consolate alikuwa amesimama kando ya mama yake. Karatasi ilikuwa imening'inia mkononi mwa mama, karibu na uso wake, naye aliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Safu ya Afya ilikuwa na alama ya leo, Jumamosi, na jiko lilikuwa bado halijawashwa. Baada yake ilikuwa na alama ya Jumapili. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Orpha angepona. Ukurasa wake ungebaki bora darasani. Na Mama Huseni angeikunja kanga yake, aondoke na ndoo tupu.

"Daktari," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Daktari, tazama Jumapili."

"Jumapili gani, mtoto?"

"Ya kesho. Ina alama." Aligusa alama ile kwa kidole. "Kesho haijafika. Nilizitia zote Jumatatu. Alhamisi sikuchemsha. Orpha alikunywa maji ya mto, na mimi niliona akinywa."

Mama Odette aliisogeza karatasi karibu na macho, akaisoma polepole, akafika mwisho wa safu. Hakumpiga bintiye wala hakumfokea. Alisema tu, "Na mimi nimekuwa nikinywa kwa karatasi hii," na maneno hayo yalimchoma Consolate kuliko fimbo.

Bwana Jovithe alifanya yaliyompasa. Mtungi ulimwagwa na kusuguliwa, na nyumba zote zilizoteka mtoni zilionywa. Kisha akamwendea Mama Huseni, akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya watu na kumruhusu auze tena.

Jumatatu, Consolate hakungoja kuitwa. Alipeleka ukurasa mezani kwa Madamu Spéciose, akaeleza yote akiwa amesimama wima. Madamu alisikiliza bila kumkatiza.

"Na vitabu hivi kumi na vinne," aliuliza mwishoni, "umevisoma?"

"Nimevisoma, Madamu. Vyote."

"Nitakusadiki kwa sababu gani?"

Machozi yalimlengalenga Consolate, maana vitabu alikuwa amevisoma kweli, kila ukurasa.

"Ndivyo ilivyo," Madamu alisema. "Alama moja ya uongo huzitia mashakani alama zote za kweli. Utakuja hapa kila siku baada ya masomo, unisimulie kitabu kimoja kimoja, siku kumi na nne, mpaka nisadiki upya. Hilo ni deni lako kwangu. Kwa Orpha, utajua mwenyewe. Lakini deni lililo kubwa ni la mama yule wa tangawizi. Ndoo yaweza kujazwa tena. Jina lake ulilichafua kwa kunyamaza. Utalisafisha kwa kusema."

Alasiri ile Consolate alikwenda kwanza kwa Orpha. Alimkuta ameegemea ukuta, mashavu yamebonyea, anakunywa uji.

"Rafiki wa karatasi amefika," Orpha alisema. Consolate aliinama. Orpha akamsukuma bega. "Siku nyingine nionyeshe sufuria, si karatasi. Keti. Na leo usiende kuandika popote kwamba umenitembelea."

Consolate aliketi mpaka uji ukaisha, na hakuandika.

Kwa siku saba aliamka alfajiri pamoja na mama yake, akatwanga tangawizi langoni na kuichemsha, Mama Huseni akisimama pembeni kuhakikisha kwamba kifuniko kinacheza. Na kila jioni wawili hao walipita na ndoo ya tangawizi mlango kwa mlango katika barabara ile. Consolate ndiye aliyebisha hodi, na ndiye aliyesema: "Orpha aliugua kwa maji yangu. Mama Huseni hakuwa na kosa." Milango ilikuwa thelathini na miwili. Wengine walimhurumia, wengine wakamcheka. Baba mmoja alimfokea mbele ya wanawe, naye akangoja amalize, akayasema maneno yake tena tangu mwanzo.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule mwanamke aliyetema mate. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Kisha aliingia ndani, akarudi na kikombe chake, akamnyooshea Mama Huseni. Mama Huseni akakijaza.

Walipokuwa wakirudi, Mama Huseni alisimama barabarani, akaitua ndoo yake.

"Mwanangu, mimi kusoma sijui," alisema. "Lakini nimejifunza kwamba karatasi haina ulimi wake, huongea kwa ulimi wa aliyeiandika. Aliye mwongo, karatasi yake ni mwongo mwenzake. Aliye mkweli, hata asiyejua kusoma ataweza kuitegemea. Wewe uliweza kunyamaza ukabaki na sifa zako, nami ningebaki na ndoo tupu. Umesema. Kesho usije kutwanga." Alimshika mkono wa kulia, kama watu wazima wafanyavyo wanapofunga jambo. "Tumemalizana."