Ncha ya Mkanda

"Nunua jaketi."

Maneno mawili ya siri kutoka kwa Mkuu wa idara ya usalama, kisha simu ikakatika.

Nanga alikuwa anamsuka mwanawe kabla ya shule. Akamaliza msuko wa mwisho, akaubana, akambusu utosini. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kazi?"

"Kazi."

"Utarudi kula?"

"Niwekeeni."

Bastola yake, Glock, ilikuwa juu ya kabati, ndani ya sanduku la viatu. Akaiacha hapohapo. Chini ya maji bastola haina maana. Akachukua kisu.

Mkuu wa idara alikuwa anamsubiri katika chumba cha maiti. Juu ya meza ya bati alilala Mdogo, mzamiaji kijana kuliko wote kikosini. Nanga ndiye aliyemfundisha kuzamia, tangu siku alipokuwa anameza maji na kucheka. Mdogo bado alikuwa na mavazi ya mbizi. Mkuu alikataza asivuliwe kabla Nanga hajafika.

"Wenzetu wa bandari wanaandika uzembe," Mkuu akasema. "Hewa ilimwishia, akashindwa kupanda. Mama yake kashaambiwa hivyo."

Nanga akafungua valvu, koki ya mtungi; mshale wa kipimo ukapanda.

"Hewa ipo zaidi ya nusu. Haikuisha hii. Ilifungwa."

"Una uhakika?"

Nanga alikuwa ameinama juu ya kiuno cha Mdogo.

Mzamiaji hubeba uzito: vipande vya madini ya risasi vilivyotungwa kwenye mkanda. Bila hivyo ataelea kama kizibo. Lakini uzito huohuo utamuua asipoweza kuutupa. Kwa hiyo mkanda huvaliwa mwisho, juu ya kila kitu, na ncha yake huachwa ining'inie. Mambo yakiharibika, unavuta ncha mara moja. Mkanda unaanguka. Unapanda.

Ncha ya mkanda wa Mdogo haikuning'inia. Ilikuwa imekunjwa, ikapitishwa nyuma, ikachomekwa ndani vizuri kama shuka la kitanda cha hoteli.

Kucha zake mbili zilikuwa zimekatika akiitafuta.

"Sikumfundisha hivi," Nanga akasema. "Kuna mtu alimvalisha. Mtu anayependa unadhifu."

Mkuu akashusha sauti. Mdogo alikuwa amejipenyeza bandarini kama mzamiaji wa kibarua. Kulikuwa na wageni waliotaka meli moja ilipuke gatini ikiwasha injini. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa neno moja: Nimekiona. Hakusema kilipuzi kiko meli ipi.

"Funga bandari."

"Nimeomba. Wakubwa wanataka ushahidi. Meli zinaanza kuondoka jioni. Gati limejaa, Nanga, na ng'ambo ya ukuta kuna nyumba za watu."

"Alifanya kibarua kwenye duka gani la mbizi?"

"Yote matatu."

Nanga akavaa hereni yenye kinasa sauti.

"Basi nakwenda kuvalishwa."

*

Duka la kwanza, mzee mwenye kikohozi alimvalisha akaiacha ncha ikining'inia. Duka la pili, mwanamke mnene alimvalisha, akamsifu kiuno, akaiacha ncha ikining'inia.

Alifika duka la tatu alasiri; lilikuwa mwisho wa gati, ngazi zake zikishuka moja kwa moja majini. Lilinukia mpira na dawa ya kuua ukungu. Mapezi yamepangwa kwa ukubwa. Miwani imefutwa ikang'aa. Hata matambara yalikuwa yamekunjwa.

Mwenyewe alijiita Fundi. Mwembamba, ana tabasamu la karibu.

"Karibu dada. Umeshawahi kuzama?"

"Kwenye madeni tu."

Fundi akacheka. "Hayo ndiyo marefu. Haya, tukutafutie jaketi la kuelea."

"Nataka lile jekundu."

"Dada, jaketi si gauni. Huchagui rangi." Akashusha moja la kampuni ya Mares kutoka kwenye ndoano. "Hili linakuzunguka mwili mzima. Ukilijaza hewa linakukumbatia kama mchumba."

Nanga akalivaa. Fundi akabonyeza kitufe, hewa ikaingia, mbavu zikabanwa.

"Mchumba gani huyu, anataka kuniua! Sipumui." Akajaribu kuinua mkono nyuma ya shingo. Haukufika. "Hata kujikuna siwezi."

"Utazoea."

"Nguo ya kuzoea nilimvalisha mwanangu, akarudi ana malengelenge. Lile pale je?"

Lile pale lilikuwa la kampuni ya Scubapro, mfuko wake wa hewa wote uko mgongoni, mabega wazi. Ubavuni lilikuwa na mifuko miwili ya kuwekea uzito, kila mmoja na mpini wake. Unavuta mpini, mfuko unachomoka.

"Hilo ni la watu wazoefu," Fundi akasema. "Na mifuko hiyo huchomoka hovyo. Mkanda ndio wa kuaminika."

"Nitavaa hili."

"Wateja wanawake!"

"Tunaolipa."

Akakubali. Akajaza vipande kwenye mifuko, kisha akaleta na mkanda, nao umejaa. Nanga alijua uzito wa mwili wake. Vipande hivyo vilitosha kumzamisha ng'ombe. Akainua mikono afungwe.

Fundi akapiga goti, akamfunga mkanda, akaupitisha chini ya kamba ya mapajani. Akaishika ncha. Akaikunja. Akairudisha nyuma, akaichomeka, akailainisha kwa kidole gumba.

"Haya. Sasa umependeza."

Nanga akajitazama kiunoni.

Akatabasamu. Na hapo, wakati akitabasamu, mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe, ukaichomoa ile ncha, ukaiacha ining'inie. Miaka ya mazoezi. Mkono haukumuuliza.

Fundi aliuona.

Bomba la hewa lilikuwa linavuja kidogo ukutani, ssss.

"Mgeni wa kuzama," Fundi akasema polepole, "lakini mkono wako mwenyeji."

"Mwanangu hataki vitu vinavyombana. Nimezoea kuchomoachomoa."

"Mama mzuri." Akairudisha ncha, safari hii kwa nguvu. "Twende tukalijaribu majini, mama. Nami navaa."

Alivaa harakaharaka, kwa mazoea yaleyale. Ncha ikakunjwa. Ikachomekwa.

Nanga akageukia dirisha, akaigusa hereni kama anairekebisha.

"Maji ya leo yanaonekana baridi," akasema.

Ndani ya gari, upande wa pili wa gati, Mkuu alimsikia. Maana yake: ndiye huyu, msije mpaka niwaite.

Wangemkamata sasa angefunga mdomo hadi jioni. Ardhini angedai wakili. Chini ya maji angedai hewa.

*

Maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazito kwa mafuta na vumbi. Uzito ukamvuta Nanga kama jiwe. Ukuta wa gati ukapita, chaza na kutu. Akatua kwenye tope.

Fundi alikuwa nyuma yake.

Alijua angekuwa nyuma yake.

Akasikia valvu ya mtungi ikizungushwa. Akavuta pumzi moja, nzuri. Ya pili ikawa nusu. Ya tatu haikuja.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Mdogo.

Fundi akamkandamiza mabegani, akisubiri. Hakuwa na haraka. Nanga akajilegeza. Akaacha kichwa kianguke. Mikono iliyomshika ikapungua nguvu.

Hapo akainua mkono nyuma ya shingo. Mabega yalikuwa wazi, hakuna kilichomzuia. Vidole vikaikuta valvu. Akazungusha.

Hewa.

Kisu kikatoka. Kipigo cha kwanza, mfuko wa hewa wa jaketi la Fundi ukapasuka, mapovu yakafumuka. Fundi akamshika koo. Nanga akampiga goti la tumbo, akavuta mpini wa mfuko wake wa uzito wa kulia, akaunasisha kwenye pete ya jaketi la Fundi. Wa kushoto pia. Akamchomoa pezi moja, akalitupa.

Akasogea nyuma, akamtazama.

Fundi alipiga mguu mmoja. Akainuka kidogo, akarudi. Magoti yakazama topeni. Mikono ikakimbilia mkanda, ikaitafuta ncha.

Alikuwa ameikunja vizuri mno.

Nanga akatoa kibao cha kuandikia chini ya maji, akaandika kwa herufi kubwa, kama anamwandikia mtoto wa chekechea.

MELI IPI. WAPI.

Fundi akatikisa kichwa.

Nanga akagonga kioo cha kipimo cha mtungi wa Fundi. Mshale ulikuwa unashuka. Mtu mwenye hofu hula hewa kama mlevi. Akaandika tena.

NISIPOKIONA SIRUDI.

Macho ya Fundi yakapanuka nyuma ya miwani. Akanyang'anya kalamu.

Ya mafuta. Wavu wa maji ya injini. Kushoto.

Nanga akajaza hewa kwenye jaketi lake ili libebe mkanda mzito, akamwacha palepale.

Meli ya mafuta ilikuwa gati la pili, tumbo lake jeusi likifunika mwanga wote. Akafuata chuma kwa kiganja. Wavu, mdomo ambao meli hunywea maji ya kupoza injini. Nati zake mbili mpya, zinang'aa, zimekazwa kwa mkono tu; akazifungua, akainua wavu. Nyuma yake kulikuwa na kopo la rangi ya kijivu, ukubwa wa sufuria ya wali, na waya umepita hadi kwenye pangaboi la pampu.

Pampu ikizunguka, waya unavutika.

Mahali fulani juu yake, ndani ya chuma, kengele ikalia. Mtu akapiga kelele. Walikuwa wanajiandaa kuwasha.

Akapitisha kisu chini ya waya. Akakata.

Waya ukaachia; akalichomoa kopo, wavu ukajifunga.

Pampu ikanguruma, maji yakamvuta kifudifudi hadi kwenye wavu. Akabaki pale, kopo kifuani, akisubiri lilipuke.

Halikulipuka. Akausukuma wavu kwa miguu, akajinasua.

*

Alipanda ngazi za gati akiwa na kopo kwapani. Mkuu na watu wake walikuwa wanamsubiri.

"Liwekeni kivulini. Taratibu," akasema. "Na kuna mtu chini, mbele ya duka. Kakateni mkanda wake kwa kisu. Haufunguki kwa mkono."

"Yu hai?"

"Kama amepumua kwa adabu."

Wazamiaji wawili wakaruka. Wakamtoa Fundi, mweupe kama unga, mtungi wake mtupu, akitapika maji. Kabla hajasimama wima alikuwa anataja majina, hoteli, namba za vyumba, bila kuulizwa.

Mkuu akamtupia Nanga taulo.

"Ile ripoti ya uzembe nitaichana."

"Usiichane tu. Andika nyingine, uweke sahihi, uipeleke mwenyewe."

"Wapi?"

"Kwa mama wa Mdogo. Mimi natangulia kumwambia sasa hivi. Hatakiwi kulala na uongo."

"Hivyo ulivyo? Umelowa."

Nanga alishavua jaketi jipya na kulilaza juu ya nguzo ya gati. Akashika njia ya geti, miguu mitupu, maji yakimchuruzika, na wala hakugeuka meli ya mafuta ilipopiga honi.