Shingo Isiyo na Ukungu

"Mama mkwe ametua. Yuko mnadani. Kamkaribishe."

Ujumbe uliingia saa saba na nusu mchana, Msonyo akiwa saluni, kichwa kimesukwa upande mmoja tu. Aliusoma, akaufuta.

Kisha akasonya.

Jina la Msonyo hakujipa. Walimpa wenzake wa idara ya ujasusi, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja ya kazi hajapata kupokea amri, pongezi wala risasi bila kuisindikiza kwa msonyo mrefu. Aliwadharau wafanya magendo. Aliwadharau wanaowafukuza. Zaidi ya wote alimdharau aliyebuni lugha ya siri ya idara, na huyo alikuwa Mkuu mwenyewe, mtu mwenye ugomvi usiokwisha na mama wa mke wake. Ndiyo maana kila sumu, kila bomu na kila kitu cha kuua umati kiliitwa "mama mkwe". Nchi nzima ililindwa kwa hasira za bwana mmoja asiyethubutu kufungua mdomo nyumbani kwake.

"Nifunge kitambaa," alimwambia msusi.

"Dada, huku bado!"

"Si najua? Funga."

Dakika nne baadaye Toyota Probox ya kijivu ilikuwa inakata kona kwa matairi mawili. Glock 19 kiunoni. Hereni ya sikio la kulia, yenye spika ndogo kama punje ya mchele, ikaanza kukoroma.

"Sema," alisema Msonyo.

"Ni vijiko vitatu vya maji," sauti ya Mkuu ilijibu. "Yale yaliyoibwa juzi, maabara uliyokagua jana. Ukiyavuta puani mapafu yanafunga, basi. Aliyeiba ni yule Mfamasia wa hapo. Mnunuzi ni Kofia."

Msonyo alimjua Kofia. Mgeni, tajiri, havui kofia hata kwenye lifti. Alishachochea vita viwili vidogo katika nchi za watu, akauza silaha pande zote, halafu akajiita mfadhili wa sanaa. Watu wakampigia makofi.

"Anayatoaje nchini?"

"Ndani ya chupa ya kale ya manukato. Mfamasia kaipeleka mnadani, kasema ni urithi wa bibi yake. Kofia ataishindania, atashinda, atapewa hati ya kusafirisha vitu vya kale. Bandarini nani atafungua chupa ya miaka mia yenye karatasi safi?"

Ilikuwa akili. Msonyo alikataa kuisifu.

"Chupa ipi?"

"Hatujui. Zipo arobaini."

"Basi vamieni."

"Haiwezekani. Tumenasa simu yao. Kofia kamwambia Mfamasia akiona polisi aipasue hapo hapo. Ukumbini wako watu mia mbili. Ingia kimya. Kofia akishaishika mkononi, ndipo tumkamate."

"Mnada wa nani?"

Mkuu alimtajia. Mguu wa Msonyo ukazama kwenye pedali ya mafuta wenyewe.

"Mkuu, mkaguzi wa vioo pale ni shangazi yangu."

"Vizuri sana. Atakusaidia."

"Shangazi hunusa."

"Hunusa nini?"

"Kila chupa! Kabla ya nyundo kugonga anang'oa kizibo, anavuta harufu, anawaambia watu kilichokuwamo. Minada mingine wanasoma karatasi tu. Yeye haamini karatasi ya mtu."

"Mpigie."

"Akiwa kazini anazima simu."

Msonyo aliogopa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na shangazi ndiye aliyemchukua, akamlea katikati ya makabati ya vioo, akamchapa, akamsomesha. Mpaka leo shangazi huyo aliamini mpwa wake ni karani wa bima, na alimdharau kwa hilo bila kificho. Dharau ilikuwa ya ukoo. Walipeana kama watu wengine wanavyopeana salamu.

Ukumbi ulijaa.

Msonyo alisimama nyuma, akawapandisha na kuwashusha kwa macho. Hawa ndio wapenzi wa vitu vya kale. Wanaume wenye miwani ya kuning'inia, hawajui kutofautisha kioo kilichopulizwa kwa mdomo na kilichomiminwa kwenye kalibu. Wanawake wanaotaka chupa ya rangi ya zambarau kwa kuwa mapazia yao ni ya zambarau. Mmoja aligeuka, akakitazama kitambaa kilichoinuka upande mmoja na kulala upande mwingine, akabetua midomo.

Msonyo alimbetulia yake. Yake ilikuwa na mazoezi.

Mezani mbele, juu ya mahameli nyeusi, zilipangwa chupa. Nyingine ndefu kama mshumaa, nyingine bapa kama saa ya mfukoni, nyingine zimechongwa maua hadi kwenye kizibo. Nyuma ya meza alikaa shangazi, mwembamba, wima, amekunja uso kama hakimu aliyeletewa kuku.

"Namba tisa," alinadi dalali.

Shangazi alikiviringishia kizibo kitambaa chenye uvuguvugu, akakizungusha, akakibembeleza nusu dakika. Kikalia, kikatoka. Akaileta chupa puani.

"Waridi," alisema. "Limekufa zamani, lakini lilikuwa waridi."

Mstari wa mbele, hatua tatu kutoka mezani, mtu mmoja alishtuka. Mfamasia. Alikuwa amekipangusa kiti kwa karatasi kabla ya kukikalia, na sasa alikuwa anajipangusa shingo. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa chupa hunuswa. Alimgeukia Kofia, kiti cha saba. Kofia hakumpa hata jicho. Mfamasia akajipapasa mfuko wa koti, na Msonyo akaona ncha ya kamba ya barakoa. Moja. Ya kwake peke yake.

Mshenzi.

Msonyo alitoa kalamu ya kunusa. Mafundi wa idara waliapa kwamba ikikaribia sumu itatetemeka. Ilitetemeka. Ilitetemeka kwa bibi wa mbele, kwa dalali, kwa kila aliyejimwagia manukato asubuhi, yaani ukumbi mzima. Ilibuniwa na watu ambao hawajawahi kukaa karibu na mtu anayenukia. Akaichomeka kwenye chungu cha maua, iendelee kutetemeka huko.

"Namba kumi na saba."

"Mdalasini," alisema shangazi. "Wa bei ya chini."

Msonyo akafumbata darubini ya Leica, ndogo kama kiberiti, akaipeleka jichoni. Akajikumbusha sauti ya shangazi, yeye akiwa na miaka tisa, pua ikiwa usawa wa vioo vya mezani: Achana na mapambo, mapambo ni ya kuwadanganyia matajiri. Tazama shingo.

Shingo.

Zamani kila kizibo kilisuguliwa ndani ya chupa yake mwenyewe kwa mchanga na maji, mpaka kikakaa humo tu na kwingine kikakataa. Msuguo ule uliiachia shingo ukungu mweupe kwa ndani. Chupa ya kale iliyosuguliwa hivyo, uiangalie mchana, uiangalie kwa taa, shingoni ina ukungu.

Msonyo alipita shingo kwa shingo. Ukungu. Ukungu. Ukungu.

Namba ishirini na tatu haikuwa nao.

Ilikuwa nzuri, ya kijani, imechongwa majani ya mzabibu, umri wake umeandikwa mwili mzima. Lakini shingo ilikuwa angavu kama maji ya glasi. Msonyo alijua kwa nini. Jana alikagua maabara iliyoibiwa, na kila mtungi wa kule ulikuwa na kizibo kilichopakwa mafuta mazito ili mvuke usipenye. Mafuta hayo yakiingia kwenye ukungu wa kioo, ukungu hupotea. Mtu wa maabara haachi kizibo kikavu, kama vile fundi cherehani haachi uzi ukining'inia. Mfamasia alichukua chupa ya kweli kabisa, halafu usafi wake ukamchongea.

"Ishirini na tatu," Msonyo alinong'ona.

"Safi. Msubiri Kofia aishike."

"Itanuswa kwanza, Mkuu!"

"Subiri. Hiyo ni amri."

"Namba ishirini na tatu!" alinadi dalali.

Kofia akajinyoosha kitini. Shangazi akaitwaa chupa.

Safu tisa za viti zilikuwa kati yao. Akikimbia, Mfamasia angeiwahi chupa. Akitoa bastola, chupa ingeanguka. Akipiga kelele kwamba kuna sumu, watu mia mbili wangekanyagana na meza ingepinduka. Na kizibo hiki hakingebembelezwa nusu dakika. Kilikuwa na mafuta. Kingetoka kwa mguso.

Shangazi alikiviringishia kitambaa.

Lakini mama huyu, katika maisha yake yote, hakuwahi kugombana na mtu akiwa na kitu mkononi. Hata sufuria iungue, ataitua kwanza. Ugomvi kwake uliendeshwa kwa mikono miwili, na yote miwili hukaa kiunoni.

"Feki hiyo!" Msonyo alipaza sauti.

Vichwa mia mbili viligeuka.

"Nani huyo?" aliuliza shangazi, vidole bado viko kwenye kizibo.

"Mimi, shangazi. Chupa hiyo ni ya juzi."

"Wewe? Wewe wa bima?" Alicheka kwa puani. "Kaa chini, mwanangu, usijiaibishe."

Akarudi kwenye kizibo.

Haikutosha. Msonyo alitafuta neno baya kuliko yote, akalipata, likamchoma ulimi kabla halijatoka.

"Pua yako imezeeka, shangazi. Kila mtu hapa anajua. Wanakuhurumia tu."

Shangazi aliishusha chupa. Taratibu. Ikakaa juu ya mahameli, wima, kizibo mahali pake. Mikono yote miwili ikaenda kiunoni.

"Rudia."

Mfamasia alivunjika hapo. Aliona chupa yake imeitwa feki, imeachwa peke yake, na sasa itakaguliwa na kila mwenye miwani. Akaruka kuifuata, mkono mmoja mbele, mwingine unavuta barakoa.

Msonyo alikuwa ameshaanza. Kiti. Bega la mtu. Kiti. Yule wa kubetua midomo alikanyagwa mkoba. Kitambaa kikamtoka kichwani. Alimdaka Mfamasia vidole vikiwa shubiri moja kutoka kwenye kioo, akamkunja mkono hadi ukatoa mlio, akambwaga chini kifudifudi.

"Umejipangusia kiti bure," alimwambia sikioni.

Kofia aliinuka kwa heshima zote, akashika njia ya mlango. Wahudumu wawili wenye sinia za juisi walimpisha, kisha hawakumpisha.

"Tumempata," Mkuu alisema. "Ila hakuishika chupa. Wakili wake atatucheka."

"Mpekueni."

Wahudumu, watu wa idara, wakampekua.

"Ana hati ya kusafirisha mfukoni. Imeshajazwa. Chupa namba ishirini na tatu."

"Saa hizi?"

"Kaijaza tangu asubuhi."

Kuangamiza mji mzima anaweza. Kupanga foleni ya fomu kumemshinda. Msonyo alisonya kwa moyo mmoja.

Wawili wa idara, waliovaa sare za polisi, wakaichukua chupa kwa mikono minne, wakaifungia kwenye sanduku la chuma. "Ushahidi," walimwambia dalali. Wakamwondoa Mfamasia akilia kama mtoto aliyenyang'anywa kisu.

"Taarifa rasmi ni hii," Mkuu aliendelea. "Chupa ilikuwa feki, mwizi kajaribu kuikwapua. Shangazi yako asiambiwe lolote."

Msonyo alitazama mezani. Shangazi alikuwa amesimama palepale, mikono imeshuka. Minong'ono ilikuwa inatambaa safu kwa safu. Bibi mmoja alicheka ndani ya kiganja. Kumbe mama amezeeka. Kumbe amekuwa akitupitishia feki. Shangazi aliisikia yote, na kidevu chake, ambacho Msonyo hajapata kukiona kikicheza, kilikuwa kinacheza.

Msonyo akaivua hereni, akaitia mfukoni.

Akaenda hadi mbele ya meza, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akapiga goti. Hajawahi kumpigia goti mtu wa kazini, wala waziri, wala aliyemwelekezea bunduki.

"Jamani, nisikilizeni," alisema kwa sauti. "Nimekosea. Chupa ile ni ya kale, ya kweli, na shangazi alikuwa sahihi. Mwizi haibi feki. Mimi vioo sivijui. Nilitaka kujionyesha mbele za watu."

Walimcheka. Ukumbi mzima, watu wasiojua shingo wala kitako cha chupa, walimcheka yeye. Aliwaacha wacheke mpaka washibe.

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi alimtazama. Kidevu kilikuwa kimetulia.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Toka mbele ya meza yangu. Na Jumapili usije kula kwangu."

"Haya, shangazi."

Msonyo aliinuka, akakung'uta goti. Aliupita ukumbi bila haraka, kichwa juu, kana kwamba yeye ndiye aliyewalipia viti.

"Namba ishirini na nne," alinadi dalali nyuma yake.

Alifika mlangoni, akashika kitasa, akangoja. Kizibo kilikuwa kikavu, kikaidi, kikalia kwa sekunde nyingi kabla ya kutoka. Shangazi alivuta pumzi ndefu.

Akaishusha chupa.

"Yasmini," alisema. "Na bado iko hai."

Msonyo akasukuma mlango, akatoka.