Sitaha Iliyopinda

Kila nikitoka shule, kabla hata sijavua soksi, nilikuwa nakimbilia benchi la sebuleni kuangalia meli yangu. Ilikuwa mfano wa manowari ya kale ya kubebea ndege, niliyoinakili kutoka kitabu cha maktaba: sentimita moja kwa kila mita tatu. Ya kweli ilikuwa na mita mia mbili na arobaini, kwa hiyo yangu ilikuwa na sentimita themanini, kadibodi tupu. Binamu yangu, tunayemwita Godoro kwa kuwa hasinzii kitandani tu bali popote anapokaa, alikuwa ametengeneza ndege ishirini na nne za karatasi ngumu. Ijumaa tungeipeleka pamoja kwenye maonyesho ya shule.

Jumanne nikakuta sitaha, yaani ule uwanja wa juu wa kurushia ndege, imebonyea katikati.

"Godoro! Umekalia meli yangu!"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijaigusa."

"Nani mwingine humu ndani hukaa bila kuangalia? Juzi tu ulikalia miwani ya Bibi!"

"Miwani ilikuwa kwenye kiti," alinung'unika.

Sikumwamini hata chembe. Jioni niliongeza mkono wa pili wa rangi juu ya sitaha huku nikimtazama kwa jicho la pembeni. Jumatano ikawa imepinda zaidi. Nikakasirika, nikafuta jina lake kwenye kibao cha maonyesho likabaki langu tu. Aliliona pengo lile, akarudisha ndege zake kwenye boksi moja baada ya nyingine.

Nikapaka mkono wa tatu, kisha nikamwaga unga sakafuni kuzunguka benchi. Siku za mwizi ni arobaini, nilijisemea, za huyu zimefika.

Alhamisi asubuhi unga ulikuwa laini, hauna alama hata ya mende. Sitaha ilikuwa imepinda kama ndizi.

"Nani kamwaga unga wangu?" alifoka Shangazi. Yeye ni fundi seremala, na rangi ile alinipa yeye. Nikamweleza yote. Aliinyanyua sitaha, iliyokuwa bado haijabandikwa kwenye meli, akaigeuza. Chini ilikuwa kavu, haijaguswa na brashi.

"Nilikwambia upakeje?"

"Pande zote mbili."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilisema nimepaka," nilijibu, uso ukiwaka kwa aibu. "Shangazi, huko chini si hakuonekani?"

"Rangi ikikauka hujivuta. Ukipaka juu tu, juu ndiko kunakovuta, na kadibodi inafuata. Kila mkono wa rangi ulioongeza, ulikuwa unaikunja wewe mwenyewe."

Tulipaka chini, ikakauka, tukaigandamiza kwa matofali mpaka asubuhi. Ilinyooka. Nikaandika jina la binamu yangu upya kwenye kibao, nikalitanguliza juu ya langu.

"Nisamehe, Godoro. Nilikuonea."

Alinitazama kwanza, kama anapima. "Yameisha," alisema, akafungua boksi la ndege. "Ila miwani usinitetee. Ile niliikalia kweli."

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanigeukia.

"Nyani haoni kundule, mwanangu. Ulimchunguza mwenzako hadi nyayo, lakini chini ya kazi yako mwenyewe hukutazama. Kazi ya kweli ni mpaka pale pasipoonekana."