Tovuti Iliyofunguka Ofisini Tu

Sabina analima nyanya Ilula. Mumewe, Isaka, anatunza kompyuta za ushirika wa wakulima mjini Iringa. Wanunuzi huagiza nyanya kwenye tovuti ya ushirika. Wengi wako Mbeya.

Wiki ile nyanya ziliiva zote kwa pamoja. Matenga yalijaa hadi sebuleni, na ya chini yalianza kutoa maji. Lakini hakuna aliyeagiza. Sabina akampigia mumewe simu.

"Baba Happy, tovuti yenu inaleta onyo. Inasema si salama, cheti kimeisha muda."

"Haiwezekani. Cheti kipya nimekiweka mwenyewe jana. Hapa ofisini inafunguka safi."

"Huku haifunguki."

"Basi ni hiyo simu yako. Izime, uiwashe."

Akaizima, akaiwasha. Wapi! Isaka akamwambia asogee barabarani kwenye mtandao mzuri. Akasogea. Onyo lilikuwa lilelile, ila sasa wauza vitunguu walikuwa wanamcheka.

"Waambie wateja wasilijali onyo. Wabonyeze endelea."

"Mtu atume hela yake mahali palipoandikwa hatari? Wewe ungetuma?"

Isaka ni mbishi, namfahamu. Alikata simu.

Sabina akapanda gari la Iringa. Alipofika ofisini, simu yake ikashika waifai ya hapo. Tovuti ikafunguka.

"Umeona?" Isaka akacheka. "Simu yako ilikuwa imenimisi tu."

Sabina akatoka hadi getini kwa hasira, akatumia bando lake. Onyo likarudi. Akaingia, likapotea. Akatoka, likarudi. Mlinzi akaanza kumtazama kwa wasiwasi.

Severina, rafiki yao, ni mhandisi wa mitandao katika jengo la jirani. Alimwona Sabina akitoka na kuingia, akaja, akasikia kisa chote, akaingia naye kwa Isaka.

"Shemeji, cheti kipya umekiweka wapi?"

"Kwenye seva zote mbili."

"Na kwenye mtambo wa kugawa wateja?"

Isaka akakuna kichwa.

Severina akamgeukia Sabina. "Seva ndizo kompyuta zenye tovuti. Mtambo uko mbele yake. Unapokea kila mteja, kisha unampeleka kwenye seva moja, ili kazi isilemee upande mmoja. Cheti ni kitambulisho. Mteja wa nje anaonyeshwa kile cha mtambo, na hicho ni cha zamani. Shemeji akiwa ofisini anaingia moja kwa moja kwenye seva, kwa mlango wa uani."

"Kumbe!" Sabina akapiga makofi. "Amepaka rangi jikoni, wageni wanaona ukuta wa barazani!"

Isaka akaketi. Akaweka kwenye mtambo cheti kipya, ufunguo wake wa siri, na vyeti vya mamlaka iliyokitoa. Akauelekeza mtambo ukitumie. Kisha Severina akamtuma getini akajaribu kwa bando lake mwenyewe. Onyo halikuwepo.

"Weka ukumbusho, mwezi mmoja kabla cheti hakijaisha," Severina akasema. "Na usimfundishe mteja kupuuza onyo. Siku wezi wakija kweli, ataingia tu."

Jioni hiyo hoteli moja ya Mbeya iliagiza matenga yote. Sabina alifurahi sana, akamsamehe mumewe nusu.

Nusu iliyobaki ilisubiri lori. Lilipofika Ilula asubuhi, vibarua hawakuwepo, Sabina hakuwaita. Isaka akavua koti, akabeba matenga yote, moja baada ya jingine, nyanya zikimchuruzikia mgongoni. Hakubisha hata neno.