Mguu wa Sita wa Nondo

Jua lilikuwa linazama fundi wa kudarizi alipopanda ngazi za mteja wake, mjane mmoja, na kitambaa alichokimaliza kimekunjwa kwapani. Alitaka kukikabidhi upesi arudi nyumbani. Mama yake hagusi chakula mpaka binti zake wote wawili wawe mezani, na fundi akichelewa sana, maneno ya mama hayaishi.

"Pita, mwanangu," mjane alisema, akikipokea kitambaa.

Ukuta mzima ulikuwa wadudu. Nyuki, panzi, mende, vipepeo, wote wamedariziwa kwa mkono, mshono mdogo kuliko chembe ya mchanga. Fundi akasahau haraka yake. Akasogeza uso. Panzi mmoja... alikuwa anapumua?

Hapana. Upepo tu.

Lakini dirisha lilikuwa limefungwa.

"Macho yangu yamekwisha," mjane alinong'ona, akimketisha na kumwekea mapajani nondo, kipepeo wa usiku, aliyedariziwa kwenye kitambaa kilichokazwa katika duara la mbao. "Amebakiza mguu mmoja. Nimalizie, mwanangu."

Mguu tu. Fundi gani angekataa? Akatunga uzi mweusi, akachoma. Uzi ulikuwa na uvuguvugu, kama uliotoka mwilini mwa mtu. Ukanuka... nywele zilizoungua.

Mshono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, njoo! Mama ameanguka! Anasema hausikii mguu wake!"

Fundi akatazama kitambaa. Akashika mkasi, akafumua mshono mmoja.

Ndani ya simu, mama yake akapiga yowe.

"Usifumue," mjane alisema taratibu, kama anayebembeleza mtoto. "Ukifumua, anaumia. Ukimwacha hivyo, atabaki hivyo. Malizia, asimame."

"Mama yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea." Akamwelekezea kidole yule panzi. "Mimi nilikuwa na mume. Nami niliambiwa ni mguu tu."

Angefanya nini? Alishona, machozi yakilowesha kitambaa. Yowe likawa kwikwi, kwikwi ikawa kimya. Alipopiga fundo la mwisho, mdogo wake akapaza sauti kwa furaha:

"Dada, amesimama! Anatembea!"

Na mapajani mwa fundi, nondo akakunjua mabawa.

Kesho yake aligonga kwa mjane mpaka vidole vikamuuma. Hakufunguliwa. Kwa ndani vilisikika vishindo vyepesi, vingi, vikigonga mbao za mlango... kisha vikatulia.

Mchana mama hula, hucheka, huwagombeza kama zamani. Giza likiingia huifuata taa. Hubandika viganja kwenye balbu mpaka vitoke malengelenge. Siku hizi wanakaa gizani, ghorofa ya tatu, binti mmoja kila upande, wamemshika kiuno.

"Zima taa, mwanangu," mama alinong'ona jana. "Zima, la sivyo nitakwenda."

"Nimezima zote, mama."

Lakini mama alikuwa anatazama dirishani. Kule chini, taa ya barabarani ilikuwa imewaka.

Na mikononi mwa fundi, mwili wa mama yake ulikuwa unazidi kuwa mwepesi.