Stata Inazunguka Tu

Saa 5:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili na soksi. Mkubwa alikuwa amechora mpango kwa chaki juu ya meza ya kazi: mraba ni duka la sonara, mstari ni barabara, nukta ni gari. Alipenda kuchora yule bwana, japo mpango wenyewe ulitosha kusemwa kwa pumzi moja. Saa saba kamili mlinzi anakwenda kula. Mkubwa na Shemeji wanaingia, wanajaza mabegi mawili, wanatoka. Dakika nane. Fundi anabaki kwenye usukani.

"Injini uizime," Mkubwa alisema. "Gari linalonguruma mbele ya sonara linaita macho."

Fundi hakulipenda hilo, ila hakubisha. Gari lilikuwa lake mwenyewe, kuukuu, la kabureta, halina kompyuta hata ya dawa, na alikuwa akiliamini kuliko watu wengi aliowajua. Unazungusha ufunguo mara moja tu, linawaka.

Walikuwa watatu. Mkubwa, ambaye dereva wake wa zamani aliingia mitini na gari akamwacha barabarani na begi mgongoni. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote mwenye ufunguo. Shemeji, mdogo wake mke wa Fundi, pande la mtu, mdomo hautulii. Na Fundi, aliyemwingiza Shemeji kwenye kazi hii kwa maneno matamu ya jioni moja, na sasa akijuta.

Mkewe alikuwa amehisi kitu. Asubuhi ile alimshika mkono mlangoni, akasema taratibu kwamba hajui wanakokwenda na hataki kujua. "Ila mdogo wangu umemtoa wewe," akamwambia, "utamrudisha wewe." Fundi aliahidi. Uongo mwingine alikuwa ameuzoea, lakini ahadi ile ilikuwa ya kweli.

Walishusha jeki, tairi la akiba na makorokoro yote ili mabegi yapate nafasi. Shemeji aliuliza kama gari lile lina cheti cha kuzaliwa au lizikwe tu kienyeji. Fundi alicheka, maana alikuwa na hofu.

Saa 6:48 mchana.

Waliegesha ng'ambo ya duka. Mkubwa akamtuma Fundi hadi kona akaangalie kama barabara ya nyuma ina foleni. Haikuwa nayo. Aliporudi, dakika tatu baadaye, Mkubwa alikuwa ameegemea boneti akijifuta vidole kwa leso. Fundi alimpa taarifa akaingia kwenye gari.

Saa 7:01. Mlinzi akaondoka. Wawili wakaingia.

Saa 7:06.

Mlio wa risasi. Mmoja tu, mkavu.

Fundi akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka. Injini haikuwaka. Akajaribu tena. Ikazunguka kwa nguvu zake zote, bila injini hata kukohoa.

Akajilazimisha kufikiri kama yuko gereji na mteja amekaa kwenye benchi. Stata ikizunguka bila injini kuwaka, usililaani gari zima, uliza kimoja kimoja. Betri? Nzima, vinginevyo stata isingekuwa na nguvu hiyo. Mafuta? Akafungua boneti, akang'oa kifuniko cha kabureta, akavuta kwa kidole waya wa kikanyagio cha mafuta. Petroli ikaruka ndani, nyembamba, safi. Basi yapo. Umebaki moto, ile cheche ya plagi. Lakini kupima moto kunataka watu wawili, mmoja kwenye ufunguo na mmoja kwenye waya, na yeye alikuwa peke yake.

Saa 7:08.

Shemeji akatoka. Alikuwa akitambaa chini ya geti la nondo lililokuwa likishuka mlangoni; sonara alikuwa amebonyeza kitufe. Geti likagonga sakafu nyuma ya kisigino chake. Begi halikuwepo. Risasi ya sonara ilikuwa imempata; paja la kulia lilikuwa limelowa damu hadi kiatuni.

Fundi akamburuta, akamwingiza kiti cha mbele, akamfunga mkanda wa suruali juu ya jeraha na kukaza hadi akaguna.

"Shemeji, zungusha ufunguo nikikwambia."

Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini. Zungusha. Hakuna cheche. Akachomoa waya mnene utokao kwenye koili, pale moto unapozaliwa. Zungusha. Cheche ya bluu, nene, nzuri kabisa. Basi moto unatoka kwenye koili na haufiki kwenye plagi. Katikati pana kitu kimoja tu. Akafyatua mfuniko wa distribyuta.

Ndani palikuwa patupu. Rota, kile kidude cha plastiki kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi, hakikuwemo.

"Mkubwa alikitoa," Shemeji alisema kwa sauti ndogo. "Akatia mfukoni. Alisema mmekubaliana."

Fundi alimwelewa Mkubwa mara moja, na hilo ndilo lililomuuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Mwaka uliopita, wakinywa chai, alimwambia kwamba gari la zamani haliibiwi ukiondoka na rota yake mfukoni.

Saa 7:11.

Alivuka barabara mbio. Mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya nondo, mzima, mabegi yote mawili miguuni. Sonara na wateja walikuwa wamejifungia chumba cha ndani. Bastola ya Mkubwa ilikuwa ikimtazama Fundi, ila si kwa makusudi. Alikuwa amesahau kuishusha.

"Nipe rota."

"Nyanyua geti kwanza."

Fundi aliinama akavuta hadi mgongo ukalia. Geti halikusogea hata unene wa kucha. Jeki lingelinyanyua, na jeki lilikuwa limelala sakafuni gereji.

"Halinyanyuki, kaka. Dogo anavuja damu. Nipe nimfikishe hospitali."

"Nikikupa mnaondoka."

Ilikuwa kweli. Angeondoka bila kugeuza shingo, na wote wawili walilijua hilo. Fundi alipenyeza mkono kati ya nondo hadi begani, kiganja wazi.

"Nitarudi na jeki," alisema.

"Yule mwingine pia alisema atarudi."

Mkubwa alikitoa kile kidude mfukoni, akakitazama, akakifumbata. Alirudi nyuma hatua mbili, pale ambapo mkono wa Fundi haufiki. Alikuwa akilia. Fundi alimwomba kwa mama yake, kwa watoto wake, kwa kila alichojua anakipenda. Mkubwa akatikisa kichwa tu.

Saa 7:14.

Watu walikuwa wameshalizunguka gari. Wauza simu, makuli, mama mmoja na mwavuli, wengine wameshika mawe. Fundi angeweza kujichanganya nao na kutokomea. Hakuna aliyekuwa ameuona uso wake vizuri. Alijipenyeza katikati yao, akaingia kwa mlango wa dereva, akafunga milango yote. Akabana paja la Shemeji kwa mikono miwili. Damu ilipita vidoleni vivyo hivyo. Hakuna alichokuwa akikijua, katika miaka ishirini ya ufundi, kilichoweza kuizuia.

Jiwe la kwanza likapiga kioo cha nyuma. Mikono ikashika gari pande zote, ikaanza kulitikisa, huku na huku.

Shemeji alifumbua macho kidogo. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto.

"Limewaka?"

"Limewaka," Fundi alisema.

"Tunakwenda kwa dada?"

"Tunakwenda."

Gari lilizidi kuyumba. King'ora kilisikika mbali, kikikaribia. Shemeji akaegemeza kichwa begani kwake, akamwomba asiendeshe kasi, na Fundi akamwambia sawa.