Sinywi, Nipimeni Damu

Msimu wa korosho ulipofika, nyumba ya Sikuzani pale Mbekenyera ilinuka mabibo, matunda ya mkorosho, kutwa nzima. Wengine walichukua korosho na kuyatupa mabibo. Sikuzani aliyakamua, akayaanika juani mpaka yakakauka, akayaweka akiba. Mabibo makavu huitwa makochoko, na mwaka wa njaa huwa chakula. Maji aliyoyakamua aliyamwaga kwenye shimo nyuma ya jiko. Huko yalichacha, yakanuka pombe.

Harufu hiyo ilimpa neno Mbaruku. Mbaruku alikuwa mume wa Sikuzani, wakaachana. Mtoto wao Hajira, bado mdogo, alikaa na mama yake. Sasa Mbaruku alimtaka. Alikwenda Ruangwa, akashitaki kwenye baraza la liwali.

"Sheria yetu inasema mtoto mdogo hukaa na mama," alisema mbele ya watu. "Lakini si mama mlevi. Nendeni mkainuse nyumba yake."

Liwali alimgeukia Sikuzani. "Unasemaje, mama?"

"Sinywi, bwana liwali. Sijapata kunywa."

"Na harufu?"

"Ni mabibo. Nanuka kazi yangu. Mfua chuma hunuka moshi, wala hali moto."

Watu walicheka, liwali hakucheka. Aliahirisha shauri, akamtaka Sikuzani alete ushahidi.

Nyumbani alimkuta mjomba wake, mzee Bashiri. Kwao mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, na neno lake halitupwi ovyo.

"Mwanangu, twende kwa fundi wa dawa," alisema mzee. "Utakunywa dawa ya kiapo mbele ya ndugu zake Mbaruku. Ukiitapika, huna hatia. Ndivyo walivyofanya wazee wetu."

"Na nisipotapika, mjomba?"

 Wote wawili walijua kwamba asiyetapika huenda akafa.

"Basi sinywi," alisema Sikuzani. "Nasingiziwa kunywa, nanyi mnataka ninywe sumu nionyeshe kwamba sinywi. Nikifa, Hajira atabaki na nani?"

Mzee alikasirika, akaondoka bila kuaga. Mimi nasema alijibiwa sawasawa. Kumheshimu mjomba ni jambo zuri, lakini heshima haimlazimu mtu kumeza sumu.

Jirani yake Teodosia alikuwa muuguzi katika hospitali ya Nachingwea. Siku hizo alikuwa nyumbani kwa likizo. Sikuzani alimweleza yote.

"Dada, pombe hupimwa katika damu," Teodosia alimwambia.

"Kwa hiyo damu yangu itaonyesha kwamba sijapata kunywa?"

"Hapana. Watu wengi hudhani damu huitunza pombe miaka na miaka. Haiitunzi. Mtu akinywa, pombe huingia damuni, kisha mwili huiondoa. Kesho yake huenda isionekane tena. Kipimo kinasema habari za siku ile tu."

"Na harufu ya nguo?"

"Harufu ya nguo haiingii damuni."

Sikuzani alifikiri kidogo. "Basi siku waichague wao. Waichague ile ninayonuka kuliko zote."

Teodosia alicheka. "Lakini angalia jambo moja. Kabla ya sindano husafisha ngozi, na mara nyingi hutumia spiriti. Spiriti nayo ni kileo. Ikigusana na damu, kipimo kinaweza kudanganya. Waombe sabuni na maji."

Baraza lilipokaa tena, Sikuzani alisimama. "Mbaruku akisikia harufu ya pombe kwangu, asingoje kesho. Aje na askari saa hiyo hiyo, nikatolewe damu Nachingwea. Naye atolewe, maana naye anataka kulea."

"Mimi sikushitakiwa," alisema Mbaruku.

"Mimi mkono wangu nautoa. Wako una nini?"

Mbaruku alirudi kukaa. Liwali alikubali Sikuzani apimwe, naye Mbaruku aliachiwa hiari yake.

Haukupita muda mrefu, Mbaruku akapita nyuma ya jiko, akanusa, akakimbia kumwita askari. Walimkuta Sikuzani anakamua mabibo, khanga imelowa maji yake. Walipanda lori la Nachingwea, na abiria wakaziba pua njia nzima. Sikuzani hakumwomba mtu radhi.

Hospitalini, dresa, msaidizi wa daktari, alichovya pamba kwenye spiriti. Sikuzani aliurudisha mkono.

"Sabuni na maji, bwana."

"Kwani wewe ndiye daktari?"

"Mimi ndiye mwenye mtoto."

Daktari alisikia. "Anasema kweli," alisema. "Damu hii inatafutwa pombe. Leteni sabuni."

Damu ilipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yaliporudi, liwali aliyasoma mbele ya watu: hapakuwa na pombe hata kidogo.

"Hiyo ni siku ile tu," alisema Mbaruku.

"Ndiyo," alijibu liwali, "na siku ile uliichagua wewe. Sasa nataka kujua za siku nyingine."

Akawauliza majirani. Mtoto anakula? Anaoga? Akiugua, nani humpeleka kwa mganga? Kila aliyeulizwa alimtaja Sikuzani. Hakuna aliyepata kumwona amelewa.

"Hajira atakaa na mama yake," liwali aliamua. "Baba aje kumwona apendapo. Lakini wewe mama, acha kukamua mabibo, maneno yaishe."

"Siachi, bwana liwali. Njaa ikija, mwanangu atakula makochoko hayo. Maneno wayaache wenye maneno."

Liwali alifunga shauri.

Nje, mzee Bashiri alimsogelea. "Mwanangu, ulifanya vema kunikatalia," alisema. Tangu siku ile hakumpeleka mtu kwa fundi. Akisikia mtu anasingiziwa ulevi, husema, "Mpelekeni akapimwe leo, kabla hakujakucha."

Mbaruku alipita karibu nao. "Mtoto atakua ananuka mabibo," alisema.

Sikuzani alimshika Hajira mkono.

"Atanuka," alisema. "Na atakuwa kwangu."